Mvua Nyeupe Ndani ya Bomba

Kila mchana, masomo yalipokwisha, Ariane alishuka mteremko wa mtaa wa Nguba akiwa amebeba chakula cha baba yake, mara nyingi sombe ya majani ya muhogo, katika bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alipenda kutembea polepole. Njia ilipita kati ya nyua za haibiskasi zenye maua mekundu, ikakata kona mbili, kisha ziwa likatokea lote kwa mara moja. Mwezi wa sita ulikuwa unakaribia. Mvua zilikuwa zimekwisha, na ukungu mwembamba wa kiangazi ulilala juu ya maji. Milima ya Rwanda, ng'ambo ya pili, ilionekana kama mtu ameichora kwa penseli halafu akaifuta nusu.

Chini kabisa, karibu na maji, lilisimama bomba la moshi la kiwanda kidogo cha sabuni. Hapo ndipo Papa Adalbert alipofanya kazi. Yeye alitunza moto wa boila, lile tangi kubwa la chuma linalochemsha maji ili mvuke wake upike mafuta ya mawese mpaka yawe sabuni.

"Unakuja na miguu ao unakuja na usingizi?" Papa alimtania kila siku alipomwona akitokea langoni.

"Na miguu, Papa."

"Basi miguu yako iko na usingizi. Leta hiyo sombe kabla haijalala nayo."

Ariane aliupenda utani huo, kwa sababu kulikuwa na miaka miwili ambayo hakuusikia. Miaka hiyo Papa alikuwa mbali, huko Shabunda, akichimba dhahabu. Alikuwa sauti tu ndani ya simu, na sauti yenyewe ilikatika kila mara kabla hajamaliza kusema. Tangu alipopata kazi ya boila, alilala nyumbani kila siku, na viatu vyake vilikuwa mlangoni kila asubuhi.

Lakini moshi wa boila ulikuwa na ubaya wake. Kiwanda kilichoma mafuta machafu ya magari, yale yanayomwagwa kwenye gereji. Moshi wake haukuwa mweusi sana, ila uliuma. Ulikuwa na harufu kama ya njiti ya kiberiti inapowashwa, lakini njiti isiyokwisha kuwaka. Siku zisizo na upepo, ukungu uliufunika kama kifuniko cha sufuria, nao ukatambaa juu ya mabati na kuingia madirishani. Dany, mdogo wake Ariane mwenye miaka mitano, alikohoa mpaka akakunjamana na kukumbatia magoti yake. Katika bustani ya jirani yao, Maman Constance, majani ya lengalenga yaliota madoa ya kahawia.

Mwishowe wakaaji walikusanyika katika uwanja wa Papa Benoît, chef wa avenue yao, yaani mkuu wa mtaa.

"Wazime hiyo moto!" alisema Maman Constance, akiinua fungu la lengalenga lenye madoa. "Nani atanunua hizi? Zinafanana na mutu wa surua."

Jioni ile Papa alirudi nyumbani akaketi mlangoni bila kuvua viatu.

"Wakizima boila, nitarudia Shabunda," alimwambia mkewe, Maman Consolate, kwa sauti ndogo. "Hapa mjini hakuna kazi ingine ninajua."

Ariane aliyasikia maneno hayo akiwa nyuma ya pazia. Alitaka moto wa Papa uendelee kuwaka, na alitaka Dany apumue vizuri. Hakujua namna ya kuyaomba yote mawili katika sala moja.

Siku chache baadaye mwenye kiwanda alimleta injinia. Watu walitazamia mzee mwenye tumbo na miwani. Alikuja msichana mwembamba aitwaye Rosalie, mwenye kofia ya kazi iliyomzidi kichwa, na sauti ya chini iliyowalazimu wote wanyamaze ili wamsikie.

"Ndani ya mafuta hayo kuna salfa," aliwaeleza katika uwanja wa Papa Benoît. "Ikiungua, inageuka kuwa gesi isiyoonekana, dioksidi ya salfa. Hiyo ndiyo inayouma. Ikikutana na maji ya koo au ya majani, inakuwa asidi."

"Sasa dawa yake iko nini?" aliuliza Papa Benoît.

"Kuna mashine kubwa za kuosha moshi, lakini kiwanda kama hiki hakiwezi kuzinunua. Tutafanya mambo mawili madogo. Kwanza, tutaacha kuchoma mafuta ya aina mbaya zaidi, yale yenye salfa nyingi. Pili, tutauogesha moshi kwa maji ya chokaa kabla haujatoka. Chokaa hii hii ya kupaka nyumba, inayouzwa soko la Nyawera. Chokaa na asidi ni maadui. Zikikutana zinamalizana, na kinachobaki ni tope jeupe tu, ambalo tutalikusanya shimoni lisiende ziwani."

Watu wengine walicheka. Kuogesha moshi! Papa Benoît hakucheka. Alikuna kidevu chake.

"Wiki tatu," alisema. "Jumamosi kabla ya sikukuu ya Fête-Dieu tutakutana tena hapa. Moshi ikiuma bado, Jumatatu moto inazimwa. Njo vile itakuwa."

Papa Adalbert na fundi wa kuchomelea waliyapandanisha mapipa mawili ya zamani yakawa sehemu ya bomba la moshi, wakaweka ndani yake vipande vya tofali, na juu kabisa bati lililotobolewa matundu madogo mengi. Moshi uliingia kutoka chini. Maji ya chokaa, meupe kama maziwa, yalidondoka kutoka juu kupitia matundu. Siku ya kwanza Papa alimwinua Ariane ili achungulie kupitia kidirisha cha kioo. Ndani mlikuwa mnanyesha mvua nyeupe, taratibu, juu ya vipande vya tofali, na moshi ulipanda katikati yake kama mtoto anayeoga bila kulia. Ariane aliona ni kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuviona.

Siku ya tatu, Dany alilala bila kukohoa.

Maji yale yalihitaji kuangaliwa kila siku, kwa sababu chokaa huchoka. Ikishamalizana na asidi, lazima iongezwe nyingine. Rosalie hakuwa na karatasi za kupimia zinazotoka dukani, basi alimfundisha Ariane kipimo cha maua. Unachemsha maua mekundu ya haibiskasi mpaka maji yawe ya zambarau. Unadondosha matone machache katika glasi ya maji ya mvua nyeupe. Yakigeuka kijani, chokaa bado ina nguvu. Yakigeuka mekundu, asidi imeshinda, na chokaa iongezwe mara moja.

"Wewe usishike chokaa," Rosalie alimwonya. "Inaunguza ngozi, na macho zaidi. Papa atakujazia glasi, wewe utadondosha na kuandika rangi. Yeye aangalie moto, wewe angalia maji."

Papa, ambaye hakuizoea kalamu, alifurahi. Tangu siku hiyo Ariane alikuja na chakula, na kichupa cha maji ya maua, na daftari. *Kijani. Kijani. Kijani.* Aliandika kwa herufi nzuri za duara. Wakati mwingine alichelewa kuandika, kwa sababu alikuwa akitazama jinsi tone la zambarau lilivyofunguka ndani ya maji meupe kama ua linalochanua mara ya pili.

Wiki ya tatu ikafika, na Fête-Dieu, sikukuu ya Ekaristi, ilikaribia. Jumapili hiyo maandamano ya Ekaristi yangepita katika avenue zote za parokia, na kila avenue ilitengeneza altare yake ya njiani. Watu wazima walijenga altare. Kazi ya watoto ilikuwa kutawanya maua na kuyapaka mawe ya kando ya njia chokaa, mpaka njia nzima ing'ae. Ariane alichaguliwa kuwaongoza watoto wa avenue yao. Alikuwa mtoto mwenye haya, na alikuwa hajawahi kuchaguliwa kwa lolote.

Jumatano asubuhi, kabla ya masomo, chokaa yao iliisha. Nusu ya mawe yalikuwa meupe, nusu yalikuwa ya kijivu.

Noëlla, msichana wa avenue ya juu, alipita akiwa na ndoo yake ya maua, akasimama makusudi.

"Eh, Ariane! Hiyo njia yenu iko kama mudomo ya muzee. Jino moja iko, jino moja haiko!"

Watoto wote walicheka, hata wale wa avenue yake mwenyewe. Ariane alihisi masikio yake yakiwaka. Siku zote majibu yake yalikuja baadaye, akiwa peke yake.

Mchana huo alishuka kiwandani. Papa alikuwa juu ya ngazi, akifunga valvu. Katika kibanda cha pembeni kulikuwa na gunia la mwisho la chokaa, limebaki nusu. Ariane alisimama mlangoni akilitazama. Alijiambia kwamba ndoo moja haitaonekana. Alichota ndoo moja, akaifunika kwa kitambaa cha chakula, akaificha nyuma ya ua wa haibiskasi. Kisha akarudi akachota ya pili. Gunia likalegea, likalala kama mtu mwenye njaa.

Hapo akaogopa. Papa angeona. Lakini Ariane aliona ameshapata dawa. Maman Consolate aliuza sokoni Nyawera udongo mweupe, ule ambao wanawake wajawazito hupenda kuutafuna, na mabonge yake yalijaa kikapu kizima nyumbani. Ariane alipanda mbio, akachukua mabonge, akayatwanga kwenye kinu mpaka yakawa unga laini, akarudi nao kiwandani katika mfuko mkubwa, akaumimina guniani. Ukalingana na chokaa kabisa. Alikoroga kidogo katika glasi ya maji: maji yakawa meupe kama maziwa.

"Nyeupe ni nyeupe," alijinong'oneza. "Moshi utaoga tu."

Jioni mawe yote ya avenue yao yaling'aa. Papa Benoît alipita na kumgusa kichwani. "Kazi mzuri, mutoto yangu," alisema. Ariane alitabasamu, lakini tabasamu lilimkaa usoni kama nguo ya kuazima.

Alhamisi, Papa alimjazia glasi kama kawaida. Maji yalikuwa meupe kama jana. Ariane alidondosha matone yake ya zambarau, akangoja kijani. Rangi ilifunguka taratibu, ikazunguka, ikatulia. Ilikuwa ya waridi, kama nyama ya pera.

"Inasema nini?" Papa aliuliza akipangusa jasho.

Ariane aliitazama glasi. Akisema nyekundu, Papa angeongeza chokaa ya guniani, angeona rangi haibadiliki, angejua. Labda yatakuwa kijani kesho, aliwaza. Labda maua ya leo ni mabovu.

"Kijani, Papa."

"Asante, Mungu," alisema Papa, akarudi kwenye moto wake.

Ariane aliandika *Kijani*. Herufi zake siku hiyo hazikuwa za duara.

Ijumaa asubuhi hapakuwa na upepo. Ukungu ulilifunika ziwa lote, na chini yake moshi ulitambaa tena juu ya mabati, ukiuma. Dany aliamka akikohoa. Alikohoa akinywa uji, akakohoa akivaa shati, kisha akakaa chini ya meza na kukumbatia magoti. Maman Consolate aliacha kikapu chake, akamfunga mgongoni ingawa miguu yake ilikuwa mirefu sasa, akampeleka kituo cha afya. Akiwa mgongoni, Dany alimpungia Ariane mkono, kama mtu anayekwenda safari.

Mchana maji ya glasi yaligeuka mekundu kabisa. Ariane akaandika tena *Kijani*.

Jumamosi saa tisa uwanja wa Papa Benoît ulijaa. Ariane aliketi chini karibu na mlango, magoti yamekaribiana. Dany alikuwa mapajani mwa mama yao, akipumua kwa sauti kama ya ungo unaotikiswa.

Maman Constance alisimama kwanza. "Wiki mbili nilisema, kweli, hawa batu wamefanya kazi. Lakini tangu Alhamisi moshi inauma kuliko zamani! Adalbert, jirani yangu, sema kweli. Chokaa unatia, ao unauza?"

Watu wakanung'unika. Papa Adalbert alisimama. Alikuwa amevaa shati lake la Jumapili.

"Mimi siko mwizi, Maman Constance. Kila asubuhi ninatia chokaa kipimo kile kile. Alhamisi niliona tope ya chini inanata kama udongo ya kufinyanga. Nikawa na mashaka. Halafu nikatazama daftari ya mutoto yangu, nikatulia."

Rosalie alilifungua daftari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari, na uso wake ukawa na huzuni.

"Yote kijani," alisema kwa sauti yake ndogo. "Kama maji yalikuwa kijani, basi chokaa ilikuwa na nguvu, na moshi bado umeuma. Maana yake ni kwamba njia yangu haifai. Sitawaficha. Niliwaahidi, na nimekosea. Msimlaumu Papa Adalbert."

Papa Benoît aliinua fimbo yake ndogo. "Basi tumesikia. Jumatatu moto..."

"Hapana!"

Ariane hakujua kwamba ni yeye aliyesema mpaka alipoona nyuso zote zimemgeukia. Alisimama. Alishika fremu ya mlango.

"Njia ya Injinia Rosalie ni nzuri," alisema. "Mimi ndiye... mimi nilichukua chokaa. Ndoo mbili. Nilipaka mawe ya Fête-Dieu. Guniani nikatia udongo mweupe wa Maman. Maji yaligeuka mekundu Alhamisi, na jana pia. Niliandika kijani."

Kuku mmoja alipita katikati ya watu, na hakuna aliyemfukuza. Ariane alimtazama Papa, akingoja apige kelele. Papa hakupiga kelele. Alikaa tu, polepole, kama mtu aliyechoka ghafla, na hilo lilimuumiza Ariane kuliko kofi.

"Rudia," alisema Rosalie. "Udongo gani?"

Ariane akarudia.

"Nani ataamini maneno ya mutoto?" aliuliza mzee mmoja. "Labda anataka tu kumuponya baba yake."

"Hatutaamini maneno," Rosalie alijibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Tutaangalia."

Alimtuma fundi kiwandani kuchota maji ya pipa. Ariane alileta ndoo aliyoitumia kupaka mawe, ambayo chini yake bado kulikuwa na chokaa nzito, na kichupa cha maji ya maua. Glasi mbili ziliwekwa mezani mbele ya Papa Benoît. Moja ilikuwa na maji ya pipa, nyingine ilikuwa na chokaa ya ndoo iliyokorogwa. Zote zilikuwa nyeupe. Hakuna aliyeweza kuzitofautisha, hata Maman Constance aliyeinama mpaka kilemba chake kikakaribia kuanguka.

"Dondosha," Rosalie alimwambia Ariane.

Ariane alidondosha. Katika glasi ya kwanza zambarau lilifunguka likawa jekundu. Katika glasi ya pili lilifunguka, likazunguka, likawa kijani kama jani changa la muhogo.

"Aa-aa-aa," uwanja wote ukasema kwa pamoja.

"Udongo una rangi ya chokaa," Rosalie alieleza, "lakini hauna nguvu ya kupigana na asidi. Siku tatu hizi moshi umeoga tope."

Maman Constance alishika kiuno. "Sasa huyu mutoto ametuponesha ao ametuua? Mimi sijui nimukumbatie ao nimuchape."

Wengine wakacheka, na kicheko kikalegeza hewa. Papa Benoît peke yake hakucheka. Alimwita Ariane mbele.

"Ulijua kama baba yako angelaumiwa?"

"Nilijua jana, Papa Benoît."

"Na juu ya nini ulingoja mpaka leo?"

Ariane alifikiri. Alitaka kusema ukweli wote, kwa kuwa alikuwa ameshaanza. "Nilifikiri kesho itakuwa kijani yenyewe."

Mzee alitikisa kichwa polepole. Kisha akawageukia watu. "Kosa si ya njia, na si ya Adalbert. Ninaongeza wiki moja. Chokaa ya kupaka nyumba yangu kwa sikukuu ya Noël iko stoo, gunia moja mzima. Kijana yeyote mwenye mabega aipeleke kiwandani leo. Nyumba yangu itangoja."

Njiani kurudi nyumbani, Papa alitembea mbele. Walipofika penye mawe meupe, alisimama.

"Nikisema moshi iko mzuri na mutoto wangu anakohoa," alisema, "watu wataniita muongo. Lakini mimi sikujua kama ninadanganya. Weye ulinikopesha uongo wako, nikausimamia mbele ya watu wote nikiwa na shati ya Jumapili."

Ariane alilia hapo hapo barabarani. Papa alimwacha alie. Kisha akatoa kitambaa chake, kilichonusa sabuni na moshi, akampa.

Jumapili maandamano yalipita. Mawe yaling'aa, maua yalifunika njia, na watu wa avenue za mbali walisifu. Ariane alisimama nyuma kabisa. Baada ya baraka alimwendea Noëlla na kumweleza chokaa ilitoka wapi. Noëlla aliweka chini ndoo yake ya maua.

"Kama mimi singekucheka," alisema, "ungechukua?"

"Sijui. Mkono ulikuwa wangu."

Jumatatu mvua nyeupe ilinyesha tena ndani ya bomba, safari hii ya chokaa ya kweli. Jumanne kijani. Jumatano, Ariane alipodondosha matone yake, rangi ilisita, kisha ikaelekea waridi. Hakungoja hata itulie.

"Papa! Nyekundu!"

Papa aliacha koleo, akapanda ngazi mbio. Nusu ya matundu ya bati yalikuwa yameziba kwa tope. Aliyazibua kwa waya, akaongeza chokaa, na baada ya saa moja maji yalirudi kijani. Siku hiyo hakuna mtu hata mmoja aliyesikia harufu ya kiberiti.

Jumamosi iliyofuata Papa Benoît hakuita hata mkutano. Alishuka mwenyewe hadi kiwandani, akasimama chini ya bomba, akavuta pumzi ndefu kwa pua, akangoja kama mtu anayeonja mchuzi.

"Moto ikae," alisema, akapanda zake.

Rosalie alikuja kuaga. Alilifungua daftari na kukuta kwamba Ariane amepiga mstari mmoja juu ya *Kijani* za uongo na kuandika pembeni *Nyekundu*, bila kufuta kitu. Chini kulikuwa na *Nyekundu* ya Jumatano, yenye herufi za duara.

"Unajua ukurasa ninaoupenda?" alimwuliza. "Huu wa Jumatano. Watu hufikiri daftari nzuri ni ile yenye kijani tupu. Mimi nimesoma miaka mingi kuhusu moshi, na nakuambia hivi: chokaa ni ya bei ndogo, mapipa ni ya bei ndogo, hata maua tunayachuma bure. Lakini vyote hivyo havisaidii kitu kama anayeangalia hasemi alichokiona. Ukisema nyekundu mapema, ni kazi ya waya na saa moja. Ukiificha siku tatu, mtoto anabebwa mgongoni kwenda kwa daktari. Habari mbaya ikisemwa siku yake, bado ni ndogo, Ariane. Tunaikuza sisi wenyewe tunapoificha."

Ariane aliitikia kwa kichwa. Kwa mara ya kwanza jibu lake halikuchelewa. "Nitaisema ikiwa bado ndogo," alisema.

Jioni Papa, Ariane na Dany walipanda mteremko pamoja, Dany akiruka mbele yao bila kuhema. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza kuvuma, na ukungu ulifunguka kidogo kidogo, mlima mmoja ukatokea, kisha wa pili.

"Papa," Dany aliuliza bila kugeuka, "kesho uko hapa?"

"Niko hapa," alisema Papa.

"Na kesho kutwa?"

"Niko hapa."

Dany aliendelea kuuliza, siku baada ya siku, mpaka walipofika mlangoni, na Papa akaendelea kujibu.